SAUTI KWANZA, JINA LA HERUFI BAADAYE
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme machache juu ya watoto wetu na kusoma. Huenda mtu akauliza, jambo hili lahusu nini na chama? Lahusu sana. Asiyejua kusoma hutia dole gumba chini ya karatasi asiyoielewa, na baada ya hapo hata katibu hodari hana la kumsaidia.

Wazazi wengi hufurahi mtoto akiimba “a, e, i, o, u” huku akitazama dirishani. Huko ni kukariri. Akiona picha ya ng’ombe akasema “ng’ombe”, mwajuaje kama ameona herufi au ameona pembe? Mwandikieni neno lisilo na picha, tena lisilomo kitabuni mwake. Hapo ndipo mtajua.

Taabu nyingi hutokana na majina ya herufi. Mtoto huambiwa kwa Kiingereza hii ni “em”, hii ni “ei”, kisha twamtaka aseme “ma”. Ataitoa wapi? Mfundishe sauti. Afunge midomo: mmm. Afungue: a. Aunganishe: ma. Kisha me, mi, mo, mu. Akizishika, mpe “mama”, “mimi”, “mume”. Halafu mchezeshe silabi kama tupangavyo mabehewa: “ka” mbele na “ta” nyuma ni kata, geuza, ni taka.

Kiswahili kina irabu tano tu, kila moja na sauti yake. Si kama Kiingereza, ambacho “go” na “do” zina o ileile na sauti mbali. Lakini nasi tuna pa kujikwaa: sh, dh, gh, ny ni herufi mbili kwa sauti moja, na ng’ ya ng’ombe si ng ya ngoma. Tena mtoto ambaye lugha ya kwao haitengi r na l huandika “kura” akitaka “kula”. (Wako na watu wazima wanaochanganya hayo mawili, hasa wakati wa uchaguzi.) Asichekwe, atamkiwe polepole, atazame ulimi.

Mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango wa Tusome katika shule za msingi nchi nzima, na madarasa ya chini yakafundishwa sauti za herufi kwa Kiswahili na Kiingereza. Vema. Lakini darasa likijaa, mwalimu hawezi kumsikiliza kila mtoto peke yake.

Kwa hiyo naleta ombi: tawi linunue ubao na chaki, na kila Jumamosi wanachama wasio zamu wawasikilize watoto hapa ofisini, mmoja mmoja.