Mchango Usiishie Mlangoni mwa Hospitali



Niruhusuni niseme machache juu ya mchango wetu wa watoto wanaozaliwa na nyayo zilizopinda.

Wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi. Ndiyo njia aliyoichapisha Daktari Ignacio Ponseti wa Iowa, Marekani, mwaka 1963. Mguu wa mtoto mchanga hunyooshwa taratibu kwa mkono na kufungwa plasta, inayobadilishwa kila wiki. Kisha, mara nyingi, kano ya kisigino hukatwa. Wengi hudhani kazi imekwisha. Kumbe mtoto hana budi kuvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, hasa usiku, hadi apate miaka 4 hivi. Akiviacha mapema, mguu huweza kupinda tena.

Nakiri kosa langu. Mimi ndiye niliyeshika daftari la mchango wetu wa kwanza. Tulilipia matibabu ya mjukuu wetu mmoja kule Tanga, tukaletewa picha, tukapongezana, nami nikalifunga daftari. Viatu vilipombana, mama yake hakuwa na nauli ya kumrudisha kliniki, akaona haya kutuomba mara ya pili. Mguu ukapinda upya.

Basi naomba tuazimie leo: kabla ya kumlipia mtoto yeyote upasuaji, tutenge kwanza nauli na viatu vyake vya miaka yote 4. Heri watoto wawili watembeao kuliko picha kumi.