Nyambizi na Wanaozingoja Bandarini
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Tumeombwa kusema machache juu ya nyambizi, yaani manowari ziendazo chini ya maji: jinsi zinavyotoka, zinavyorudi, na zinavyofanya mazoezi pamoja na mataifa mengine. Huenda mwanachama akauliza, karani wa ofisi ana shughuli gani na vyombo kama hivyo? Twajibu kwanza kwamba pwani yetu inavijua kwa upande wa msiba. Tarehe 5 Februari 1944 meli Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini kwenda Colombo, nayo ilikuwa imechukua, pamoja na abiria wengine, kikosi cha mizinga cha Afrika ya Mashariki na wauguzi wanawake. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Waliokufa ni watu 1,297. Jibu letu la pili, ambalo ndilo tutakalolikalia leo, ni kwamba kurudi kwa baharia wa nyambizi nyumbani kwake hutegemea sana kazi ifanywayo nchi kavu na watu wa kalamu.

Tuanze na kutoka na kurudi. Uingereza ina bandari ya nyambizi kule Faslane, katika Scotland, na tangu 1969 haijapita siku ambayo nyambizi yake moja yenye silaha za nyuklia haikuwa baharini imejificha. Miaka hii safari moja yaweza kupita miezi mitano. Chombo hakitoi habari, kwa maana atoaye sauti hujulikana alipo. Baharia huletewa barua fupi kutoka kwao, yenye maneno ya kuhesabiwa, wala hana ruhusa ya kuijibu. Tena barua hiyo husomwa kwanza na wengine, na habari ya msiba huzuiwa mpaka safari iishe. Mzazi aweza kufa na kuzikwa, na mwanawe yuko chini ya bahari akiendelea na zamu yake. Magazeti hutuonyesha siku ya kurudi kwa picha za furaha: wake na watoto gatini, na kule Pearl Harbor, katika visiwa vya Hawaii, shada kubwa la maua hutundikwa kwenye mnara wa chombo. Ni haki yao kufurahi. Lakini katika umati ule wako pia wanaorudi kupokea habari zilizokwisha kuwa za zamani kwa kila mtu ila wao.

Sasa tuseme juu ya zile zisizorudi. Tarehe 1 Juni 1939 nyambizi mpya ya Kiingereza, Thetis, ilitoka Birkenhead kwenda kujaribiwa katika ghuba ya Liverpool. Ndani walikuwamo watu 103, karibu maradufu ya mabaharia wake wa kawaida, kwa sababu mafundi na mabwana wengi walipanda kuangalia jaribio. Katika mrija wa kurushia makombora mlikuwa na tundu dogo la kupimia kama maji yamo. Tundu hilo lilikuwa limezibwa na rangi. Mlango wa ndani ukafunguliwa, na ule wa nje ulikuwa wazi. Bahari ikaingia. Ofisa aliyekuwa katika tishali lililofuatana nayo aliingiwa na shaka, akapeleka simu ya maandishi. Nayo yasimuliwa kwamba ilichelewa kwa kuwa gurudumu la baiskeli ya kijana mpeleka simu lilitoboka njiani. Waliotoka hai ni 4, na waliokufa ni 99, wengi wao kwa hewa chafu. Tusimlaumu kijana yule. Twauliza tu kwa nini jambo la roho 103 lilitegemea baiskeli moja.

Miaka 61 baadaye ilikuwa zamu ya Urusi. Jumamosi tarehe 12 Agosti 2000, katika mazoezi ya kundi la manowari la kaskazini, ndani ya bahari ya Barents, kombora moja lililipuka ndani ya nyambizi Kursk, na baada ya dakika mbili na kidogo kikafuata kishindo cha pili, kikubwa hata mitambo ya kupimia matetemeko ya ardhi huko Norway ikakiandika. Chombo kilikuwa na watu 118. Urefu wake ni mita 154, na kina cha maji pale ni mita 108. Kama mtu angaliweza kukisimamisha wima, mita 46 zingalichomoza juu ya maji. Walakini jeshi la bahari halikutangaza neno mpaka Jumatatu, na hata hapo lilisema kwamba ni hitilafu ndogo, tena iliyotokea Jumapili. Uingereza na Norway walijitolea kusaidia, wakakubaliwa tarehe 16. Wazamiaji wa Norway wakaufungua mlango tarehe 21, wakaona ndani maji yamejaa.

Katika siku hizo jamaa za mabaharia walitaka jambo moja dogo: orodha ya majina ya waliokuwamo. Haikutolewa. Basi gazeti la Komsomolskaya Pravda likaichapisha tarehe 18, likaeleza waziwazi kwamba limeinunua kwa ofisa mmoja kwa rubo 18,000. Sisi tunaotunza majalada twajua maana yake. Orodha ilikuwako, imepigwa chapa, imekaa kabatini, na mama akasoma jina la mwanawe katika gazeti la kununua.

Na sasa sikilizeni habari ya orodha nyingine. Mabaharia 23 walisalia hai baada ya vishindo viwili, wakakusanyika katika chumba cha tisa, nyuma kabisa. Mmoja wao, ofisa kijana Dmitri Kolesnikov, wa miaka 27, alitwaa karatasi akaandika majina ya wote, na kwa mkewe akaandika maneno yake ya mwisho, akaeleza kwamba anaandika gizani bila kuona. Karatasi hiyo ilikutwa katika maiti yake mwezi wa Oktoba. Je, wangaliokolewa kama msaada ungaliombwa siku ile ile? Wachunguzi wa Urusi walisema hawakuishi zaidi ya saa nane, na wako wasiosadiki. Hilo hatuwezi kulihukumu. Lakini kutoa majina hakukuhitaji mzamiaji wala mtambo.

Tukio la 2005 lilikwenda vingine. Tarehe 4 Agosti chombo kidogo cha Kirusi, AS-28, ambacho kazi yake hasa ni kuokoa watu wa nyambizi, kilinaswa na nyavu na kamba kwenye kina cha mita 190 karibu na Kamchatka, kikiwa na watu saba. Safari hii Warusi waliomba msaada upesi. Wamarekani na Wajapani wakaondoka. Waingereza wakapakia katika ndege, huko Prestwick, mtambo uitwao Scorpio, usiokaa mtu ndani, unaoongozwa kwa waya kutoka juu ya meli. Mtambo ukakata kamba moja baada ya moja, na tarehe 7 chombo kikapanda juu. Wote saba walikuwa hai, baada ya saa 76 hivi.

Hapo ndipo tunapoiona faida ya mazoezi ya pamoja, ambayo watu wengi hudhani ni maonyesho ya bendera tu. Mataifa mengi yalipatana kwamba duara la chuma linalozunguka mlango wa kutokea liwe na kipimo kimoja, ili chombo cha kuokolea cha taifa hili kishikamane na nyambizi ya taifa lile. Ni kama fomu moja itumikayo katika ofisi zote. Tena 2003 iliundwa ofisi ya kimataifa iitwayo ISMERLO, yenye kazi ya kuweka habari za mitambo ya kuokolea, nani anao na uko wapi, na kuita wenye msaada panapotokea ajali. Hii ni kazi ya karani, mabibi na mabwana, na twaitaja kwa fahari kidogo. Katika mazoezi ya Bold Monarch ya 2011, karibu na Cartagena huko Hispania, nyambizi ya Kirusi Alrosa ilishiriki pamoja na zile za nchi za NATO. Tangu 2014 ushirikiano huo umekatizwa kwa ugomvi wa wakubwa, nasi twaona kwamba hasara ya kukatizwa huko imewaangukia mabaharia.

Wala hatusemi kwamba kuomba mapema ni dawa ya kila ajali. Tarehe 21 Aprili 2021 nyambizi ya Indonesia, Nanggala, ilipotea kaskazini ya Bali katika mazoezi ya kurusha makombora, ikiwa na watu 53. Indonesia ikawaita majirani mara moja, na meli ya Singapore ya kuokolea, Swift Rescue, ikaja kwa mapatano yaliyokwisha kutiwa sahihi zamani. Chombo kikaonekana tarehe 25 kwenye kina cha mita 838, kimevunjika vipande vitatu. Rais Joko Widodo akakutana na jamaa, akawaahidi nyumba, na watoto kusomeshwa mpaka chuo kikuu. Na marehemu wote wakapandishwa cheo daraja moja.

Bwana Rais, hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Ramani ya bahari ya Barents na ile ya Bali zipo mezani kwa apendaye kuzitazama, na maswali tutayapokea baada ya chai.