Ini na Kinga ya Mwili: Madhara Makubwa ya Homa ya Ini ya B na C, na Wajibu Wetu Wilayani Rusizi

Mheshimiwa Mwenyekiti, matabibu na wauguzi wa hospitali za Gihundwe na Mibilizi, washauri wa afya wa vijijini, mashehe na wachungaji mliohudhuria:

Naomba nitaje mapema kusudi la mada hii ninayoiwasilisha hapa Kamembe. Sikuja kuwaeleza kwamba maradhi ya ini yapo wilayani kwetu, kwani hilo mnalijua vyema kuliko mimi. Nimekuja kudhihirisha kwamba madhara makubwa ya homa ya ini, yaani hepatiti, ile ya B na ile ya C, aghalabu hayafanywi na virusi vyenyewe bali na kinga ya mwili ikipigana navyo, na kwamba, kwa sababu hiyo, mtu anayengoja aumwe ndipo apimwe huwa amekwisha kuchelewa kwa miaka mingi.

Jinsi ini linavyoharibika

Virusi hivi vikisha kuingia katika chembe za ini kwa kawaida haviziui, bali hukaa humo vikizaana kwa utulivu. Kinga ya mwili ndiyo inayozitambua chembe zilizovamiwa na kuziangamiza, na palipoangamizwa chembe mara kwa mara hujengeka kovu, hata baada ya miaka ishirini au thelathini ini lililokuwa laini likawa gumu, likasinyaa na kujaa vinundu, na damu itokayo matumboni ikakosa njia ya kupita. Hapo ndipo maji yanapojaa tumboni, na mishipa ya umio ikavimba na kupasuka, mgonjwa akatapika damu. Na sumu ambazo ini lilikuwa likizichuja hupanda ubongoni, ukamwona mzee aliyekuwa na akili timamu akilala mchana na kukesha usiku, akisahau majina ya wanawe, na akiambiwa anyooshe mikono mbele yake viganja vikaanguka na kuinuka bila hiari, ilhali watu wa nyumbani kwake wanasadiki kwamba amerogwa.

Dalili ya kwamba kinga ndiyo yenye neno hapa inaonekana katika umri wa mwambukizwa. Mtoto mchanga anayepata virusi vya B kwa mamaye, maadamu kinga yake ni changa na haijui kubagua, hukaa navyo kwa amani, na watoto wapatao tisa katika kumi hubaki navyo miaka na miaka. Mtu mzima mwenye kinga kamili huvifukuza, na wanaoshindwa hawafiki watano katika mia. Walakini huyo huyo mwenye nguvu, mara chache, kinga yake huvishambulia kwa ukali hata ini likafa kwa muda wa siku chache tu.

Madhara yaliyo nje ya ini

Virusi vya C vina hila nyingine. Kinga inayochokozwa navyo mwaka baada ya mwaka huweza kutoa protini zisizo za kawaida, ziitwazo kriyoglobulini, ambazo hugandamana damu ikipata baridi, zikaziba na kuchoma mishipa midogo: miguu ikatoka madoa ya zambarau, viungo vikauma, nyayo zikafa ganzi, na mkojo ukatoa povu kwa kuwa figo zimeguswa. Wengine huishia kupata saratani ya tezi za limfu. Virusi vya B navyo huweza kudhuru figo na mishipa ya damu kwa njia iliyo jirani na hiyo. Mgonjwa wa namna hii hutibiwa baridi yabisi kwa muda mrefu pasipo mtu kulikumbuka ini lake.

Na hata anapokumbukwa, jambo dogo huharibu kazi. Damu ya kutafutia kriyoglobulini yapasa ikae katika joto la mwili, yaani digrii 37, tangu inapotolewa hadi inapotenganishwa; ikitiwa katika sanduku la barafu pamoja na vipimo vingine, ikapandishwa pikipiki kutoka kituo cha afya hadi hospitalini, protini zile huganda njiani na kutupwa pamoja na chembe za damu, na cheti kikarudi kikisema kwamba hakuna kitu.

Dawa na tahadhari yake

Virusi vya C vilitambuliwa mwaka 1989, na wanasayansi Alter, Houghton na Rice wakatunukiwa Nishani ya Nobel kwa ugunduzi huo mwaka 2020. Dawa ya kuvitibu, sofosbuviri, iliyoanza kuuzwa Marekani mwishoni mwa 2013 kwa dola 84,000 kwa dozi ya wiki kumi na mbili, baadaye Rwanda ilifanikiwa kuipata pamoja na dawa mwenziwe kwa dola 60 hivi, baada ya serikali, mnamo Desemba 2018, kutangaza azma ya kuitokomeza hepatiti C. Katika utafiti uliofanywa Rwanda na kuchapishwa mwaka 2018, wagonjwa 300 walipewa sofosbuviri na ledipasviri, nao 261 walipona. Ila wenye virusi vya tawi liitwalo 4r walipona kwa kiasi cha nusu na ushei tu. Basi kumeza dawa si ithibati ya kupona: lazima damu ipimwe tena wiki kumi na mbili baada ya dozi kwisha.

Tena ipo hatari iliyofichika. Mtu mwenye virusi vya B na C pamoja, akitibiwa C peke yake, virusi vya B vilivyokuwa vimelala huweza kuamka, na kinga ikavirukia hata ini likashindwa kazi. Ndiyo sababu mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali mnamo Oktoba 2016.

Mapendekezo

Kwanza, asianzishwe mtu dawa ya C kabla hajapimwa B. Pili, chanjo ya B iliingia katika ratiba ya watoto wa Rwanda mwaka 2002. Kwa hiyo waliozaliwa kabla ya hapo wahimizwe kupimwa wangali wazima, na wasio na kinga wachanjwe. Tatu, aliyepona C ilhali ini lake limekwisha kusinyaa apigwe picha ya ini kila miezi sita, kwani virusi huondoka na hatari ya saratani ya ini ikabaki. Nne, waumikaji, wakata vimeo na wachanja chale wasihasimiwe, bali waitwe na kuelezwa jinsi wembe mmoja ukitumika kwa watu wengi unavyoeneza virusi hivi. Tano, wenzetu wanaovuka daraja la Rusizi kwenda Bukavu kutafuta riziki wapewe dozi ya kuwatosha na cheti kinachosomeka kote kuwili.

Mheshimiwa Mwenyekiti, katika hayo matano naomba la kwanza lipitishwe leo kuwa azimio, kwa kuwa halihitaji jengo wala mtaalamu mpya, na kulipuuza kwaweza kumwua mgonjwa kwa dawa iliyokusudiwa kumponya.