Kwenu ni Wapi, Mwana wa Muthurwa?



Swali hilo tumeulizwa mara nyingi mno mbele ya meza za serikali. Tukijibu kwamba kwetu ni Muthurwa, afisa hucheka, kana kwamba tumesema kwetu ni kituo cha basi. (Siku hizi kituo kipo kweli, pamoja na soko, lakini hilo ni jambo jingine.)

Babu yetu aliteremka garimoshi hapa akitokea Tororo, akaajiriwa kutia grisi magurudumu ya mabehewa. Akapewa chumba kimoja katika nyumba za reli, akamwoa nyanya yetu, mzaliwa wa Machakos. Majirani walikuwa Mjaluo, Mluhya na mzee mmoja wa Dodoma. Hakuna aliyemwita mwenzake mgeni, kwa maana wote walikuwa wageni. Hata reli yenyewe ilijengwa kati ya 1896 na 1901 na watu zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, na wapatao 2,500 kati yao walikufa kazini.

Mwana wa fundi mmoja wa reli kutoka Punjab, Makhan Singh, alisimama Kaloleni, hatua chache kutoka hapa, Aprili 1950, akadai uhuru wa Afrika Mashariki hadharani. Wakoloni wakamweka kizuizini hadi 1961. Tunawauliza wanaopima uraia kwa ukoo: huyu naye alikuwa mgeni?

Baba yetu alizaliwa Muthurwa kabla ya uhuru. Katiba ya 1963 ilimfanya raia yeye aliyezaliwa Kenya, mradi mzazi wake mmoja naye alizaliwa Kenya. Mzazi huyo ni nyanya. Hata hivyo, ndugu yetu mdogo alipokwenda kuomba kitambulisho, aliambiwa alete karatasi za babu. Za nyanya hazikutazamwa. Alirudi mara nne. Bila kitambulisho hakupiga kura, wala hakupata kazi aliyokuwa ameahidiwa.

Tulipigania vyama vingi, na Kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991. Lakini tunakumbuka kwamba miaka hiyohiyo wananchi katika Bonde la Ufa waliitwa "madoadoa" wakachomewa nyumba, ilhali vitambulisho walikuwa navyo mfukoni. Kura bila uraia unaoheshimiwa na jirani ni karatasi tu.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 14, inasema wazi: mama au baba akiwa raia, mtoto ni raia. Wamakonde walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi Oktoba 2016 ndipo wakatambuliwa, baada ya miongo mingi ya kuishi nchini. Miguu ilifanya ambacho barua hazikufanya.

Nasi hapa tuliwahi kwenda mahakamani. Wakazi wa Muthurwa waliofurushwa 2010 walishtaki, na 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Jumapili baada ya ibada, kila aliyerudishwa na afisa alete alichonacho: cheti cha ubatizo, kitabu cha kazi cha reli, hata picha ya harusi. Na karatasi za nyanya zitangulie za babu.