Shukrani kwa Askari Zifike Nyumbani Kwake

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya shukrani zetu kwa askari. Tumekwisha kusimama kimya kuwakumbuka waliokufa, na ni vyema. Mimi nataka kusema habari ya nyumba ambazo askari huziacha nyuma.

Wenyeji wa mkoa huu, ambao siku hizo ukiitwa Ziwa Magharibi, hawahitaji kukumbushwa mwaka 1978. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Nduli Idi Amin yalivuka mpaka na kuishika nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera. Daraja la Kyaka likavunjwa. Watu walikimbia na watoto mgongoni, ng'ombe wao wakaswagwa kupelekwa Uganda.

Vijana, mmesoma kwamba Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Lakini jeshi lililofika huko halikuwa la askari wa kazi peke yao. Maelfu kwa maelfu walikuwa mgambo, yaani watu wa jembe na wa ofisini, waliovaa sare kwa ajili ya vita vile tu. Wananchi walitoa ng'ombe, vyakula na hata malori yao, nao walitoa kwa moyo. Je, jembe la yule mgambo lilishikwa na nani? Mkewe, na mama yake, na majirani pale walipokumbuka. Waliposahau, mtu alitoka vitani akakuta migomba yake imemezwa na majani. Wengine hawakurudi kabisa. Wako Kaboya, wilayani Muleba, na ninyi wanafunzi mnaweza kwenda kuyaona makaburi yao.

Baadaye vijana wetu walipelekwa mbali zaidi: Darfur, Lebanon, Jamhuri ya Afrika ya Kati na, tangu 2013, Kongo. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa, wakauawa askari wetu wasiopungua 14. Novemba 2018, karibu na Beni, askari wa Malawi aitwaye Chancy Chitete alimwokoa Mtanzania aliyejeruhiwa, na yeye mwenyewe akauawa. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulimtunukia nishani ya Kapteni Mbaye Diagne. Mtanzania yule alipona. Jina la Chitete lingefaa kujulikana katika kila darasa la nchi hii, na sidhani linajulikana.

Vita vikiwa mpakani, kila mtu huchanga. Vikiwa mbali, mzigo hubaki kwa nyumba moja moja, tena kimya kimya. Mama hulala na simu chini ya mto. Paa huvuja, naye husema atangoja mwanawe arudi. Karo hupatikana, lakini hakuna wa kumwuliza mtoto kwa nini amenyamaza wiki nzima.

Humu shuleni wamo ambao baba au mama zao wako kazini nje ya nchi. Sitawataja, na ninawaomba walimu wasiwasimamishe mbele ya wenzao wapigiwe makofi. Niliwahi kuona jambo hilo mahali fulani. Mtoto alitazama chini mpaka makofi yakaisha.

Nimezungumza na Mkuu wa Shule. Amekubali kwamba Jumamosi mbili za kila mwezi wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne waende kupalilia, kuchota maji na kuezeka kwa wazazi wa askari wa kata hii, wakiombwa na wenye nyumba. Majembe ya shule yapo. Mabati na misumari itakuwa juu yetu tuliomaliza. Mweka Hazina ameketi pale karibu na mlango, na daftari lake analo. Nyumba ya kwanza ni ya bibi mmoja mjane. Anahitaji mabati kumi na mawili kabla ya mvua za vuli.