Siku za Rutuba za Mwanamke

Leo twahitaji kalenda na penseli. Habari yetu ni ya kina mama, lakini kina baba msiondoke, nanyi yawahusu.

Mara nyingi nyumba hukaa bila mtoto, na watu husema, "Mke huyu ni tasa." Mke hulaumiwa, pengine hurudishwa kwao. Kumbe huenda hana ugonjwa wo wote. Mume afanya kazi mbali, huja nyumbani siku mbili tatu kila mwezi, na siku hizo sizo ambazo mimba yaweza kushika. Basi siku zenyewe ni zipi?

Kwa kawaida, kila mwezi yai moja hutoka katika kifuko cha mayai cha mwanamke. Yai hilo huishi saa 12 hadi 24 tu. Lakini mbegu za mume zaweza kuishi ndani ya mwili wa mke hata siku 5. Kwa hiyo siku za rutuba ni kama 6: siku 5 kabla ya yai kutoka, na siku ya yai lenyewe.

Mwaka 1924 daktari mmoja wa Japani, Kyusaku Ogino, alieleza kwamba yai hutoka siku 12 hadi 16 kabla ya hedhi inayofuata. Sikilizeni vizuri: kabla ya hedhi ijayo, si baada ya hedhi iliyopita.

Sasa shikeni penseli. Siku ya kwanza ya damu, andika 1. Endelea kuhesabu mpaka siku ya mwisho kabla ya hedhi nyingine. Ukipata 28, toa 14, zabaki 14. Ukipata 32, toa 14, zabaki 18. Basi mama wa siku 32 akifuata hesabu ya jirani yake wa siku 28, atakosea kwa siku 4.

Lakini hesabu ni makisio tu. Ugonjwa au mashaka huweza kuichelewesha hedhi. Kwa hiyo tazama dalili za mwili.

Ya kwanza ni ute. Baada ya hedhi, mara nyingi huwa pakavu. Kisha huja ute mzito wa kunata. Yai likikaribia, ute huwa mwepesi, wa kuteleza, na huvutika kati ya vidole kama ute wa yai la kuku. Hizo ndizo siku za rutuba kubwa.

Ya pili ni joto. Lipime kila asubuhi kabla ya kuondoka kitandani. Yai likisha kutoka, joto hupanda kidogo, wala halifiki digrii moja. Dalili hii huja nyuma ya yai, haitangulii.

Ya tatu, wanawake wengine husikia maumivu madogo upande mmoja chini ya tumbo.

Ute wenye harufu mbaya au wa kuwasha ni ugonjwa; nenda zahanati. Na asiyetaka mimba asitegemee hesabu hii peke yake, aulize kliniki.

Mwaka ukipita bila mimba, nendeni hospitali wote wawili, mke na mume. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, msingoje kupita miezi 6. Huenda sababu iko kwa mume.

Maswali ya darasa:
1. Yai huishi saa ngapi?
2. Mama wa siku 30 atazamie yai siku ya ngapi?
3. Kwa nini mume naye apimwe?