Aliyesambaza Naye Alipiga

Ndugu wazazi, walimu wetu, viongozi wa mtaa, na ninyi wanafunzi mliokaa kule nyuma,

Aprili 2025 nchi nzima ilitazama video moja. Binti wa chuo hapa hapa Dar es Salaam anapigwa na kudhalilishwa na mabinti wenzake, na kuna aliyeshika simu anarekodi. Polisi waliingilia kati. Sisi tukalaani, tukasema mabinti wa siku hizi hawana malezi.

Sawa. Lakini video ile ilifikaje kwenye magrupu yetu? Ilifikaje kwenye grupu la vikoba, la kamati ya harusi, la kwaya, la wazazi wa shule hii? Waliopiga walikuwa wachache. Tuliosambaza tulikuwa watu wazima, wenye watoto, na tulijua kabisa tunachokituma. Mtu anaandika "jamani oneni unyama huu", kisha anambeba yule binti na machozi yake, anampeleka mbele ya macho mengine mapya. Huo si msaada! Ungekuwa msaada, tungeipeleka video polisi na kuishia hapo.

Na watoto wetu walikuwa wanatuangalia. Wamejifunza kwetu kwamba aibu ya mtu ni kitu cha kutupia kwenye status. Sasa njuka, yule mwanafunzi mgeni, akifika bwenini, anafulishwa nguo za wakubwa, anaamshwa usiku, anapigwa, na siku hizi anarekodiwa vilevile. Akirudi likizo, picha zake zimeshatangulia mtaani. Akisema, tunamwambia kaza moyo, hata sisi tulipitia. Nani alisema tulipitia salama? Wapo tuliosoma nao walioacha shule kwa sababu hiyo, na hakuna aliyewauliza.

UNESCO ilieleza mwaka 2019 kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alionewa na wenzake ndani ya mwezi mmoja tu. Darasa la watoto 60, hao ni kama 20. Shirika la Afya Duniani nalo linasema kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Mnawajua. Ni yule anayeumwa tumbo kila Jumapili jioni. Ni yule aliyekuwa wa tano darasani na sasa hafungui daftari. Tunawaita wavivu. Wengine tunawapeleka kuombewa na habari inaishia hapo, wakati mtoto ana sonona na anahitaji pia mtaalamu wa kumsikiliza.

Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ni ya mwaka 2015, na kifungu cha 23 kinakataza kumtumia mtu ujumbe wa kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia. Lakini kabla ya polisi kufika, tupo sisi. Video inaingia kwenye grupu lako: usiitume mbele. Mwambie aliyeileta aifute, mbele ya wote, hata kama ni shemeji yako, hata kama ni mweka hazina. Mtoto akikueleza jambo, acha simu, kaa, msikilize mpaka amalize. Na ninyi wanafunzi, ishikeni namba 116. Ni simu ya watoto, ni bure. Mwenzako akionewa, usitoe simu kurekodi. Itoe kupiga 116, au kimbia ukamwite matroni.

Mkuu wa shule, nakuheshimu sana, lakini kikao hiki kisifungwe hivi hivi. Tutajie sasa, kwa jina, mwalimu ambaye mtoto aliyeonewa atamwendea hata saa nne usiku, na asiwe mwalimu wa nidhamu mwenye fimbo mkononi. Kisha mwambie asimame, watoto wamwone.